Mji wa Mashimo Katika Nyika ya Australia

Wasikilizaji wetu, mtu akiitandaza ramani ya Australia mezani, huona mara moja ya kuwa miji yake mikubwa imejipanga pembeni, kama watu wakaao kando ya moto mkali. Sydney, Melbourne, Brisbane, Adelaide na Perth, yote iko pwani au karibu na pwani. Katikati ni weupe wa karatasi, na majina machache yaliyotapanyika. Watu wa miji ile huiita nchi hiyo ya ndani kwa neno lenye maana ya “huko nyuma”, kana kwamba nchi nayo ina uso na mgongo, na uso wake umeelekea baharini. Jioni hii tutasema habari za mji mmoja ulio huko nyuma, uitwao Coober Pedy, na nyika iuzungukayo. Tutauliza pia swali ambalo ramani haiwezi kutujibu: nchi ikiitwa tupu, ni nani aliyeihesabu?

Coober Pedy uko maili 525 kaskazini ya Adelaide, katika jimbo la Australia ya Kusini. Njia kuu ya kwenda kaskazini hupita pale, nayo ilikamilishwa kutiwa lami mwaka 1987. Kabla ya hapo mvua moja tu ilitosha kuwafungia wasafiri njiani. Sisi tulikwenda kwa basi la usiku. Kulipokucha tuliona pande zote mbili za barabara vichuguu vyeupe, maelfu kwa maelfu, vyenye ncha, vikifuatana mpaka upeo wa macho. Mwenzetu mmoja alidhani ni vichuguu vya mchwa. Kumbe ni kazi ya mikono ya watu, maana kila kichuguu ni udongo uliotoka katika shimo, na shimo lenyewe liko wazi kando yake, upana wake kama wa kisima, kina chake futi 60, futi 80, hata zaidi. Kibao cha barabarani huonyesha picha ya mtu aangukaye kichwa chini, na maneno ya kumwonya mgeni asikimbie, wala asitembee kinyumenyume. Onyo hili la pili lilituchekesha kwanza, mpaka tulipofahamu ya kuwa mpiga picha arudiye nyuma hatua mbili ili aweke vizuri sura za wenzake, aweza kupotea machoni pao.

Mji wenyewe una watu wapatao elfu moja na nusu. Mgeni akiutafuta huona kidogo tu: maduka, karakana, magari mabovu, mapipa, na vilima vifupi vya mawe mekundu vilivyotobolewa milango. Hiyo milango ndiyo mji, maana sehemu kubwa ya wenyeji hukaa ndani ya vilima. Wakati wa kiangazi, yaani Desemba mpaka Februari, joto nje hupita digrii 40 za sentigredi mara kwa mara, na upepo huleta vumbi jekundu liingialo hata ndani ya saa ya mkononi. Lakini ukivuka kizingiti cha nyumba iliyochongwa katika mwamba, hukuta baridi ya kupendeza, digrii 23 au 25, mchana na usiku, kiangazi na kipupwe. Kuta zina rangi ya maziwa na ya kutu, na juu yake alama za meno ya mashine, kama mistari ya jembe shambani. Hakuna madirisha, ila bomba la kupitishia hewa lipandalo mpaka juu ya kilima. Tulionyeshwa vyumba vya kulala, jiko, kabati za vitabu zilizochongwa ukutani, na makanisa yaliyo chini ya ardhi. Moja la Wakatoliki ni la mwaka 1967, na jingine la Waothodoksi wa Serbia ni la mwaka 1993, lenye dari ya juu na sanamu za watakatifu zilizokatwa katika jiwe lenyewe. Mzaha wa mjini ni kwamba hakuna watu duniani wapendao kuongeza vyumba kama watu wa Coober Pedy. Kuchimba madini katikati ya mji kumekatazwa, lakini ni nani awezaye kumkataza baba wa watoto wengi asipanue nyumba yake?

Jambo la maji si la mzaha. Mvua ya mwaka mzima ni inchi tano au sita tu, na pengine mwaka hupita bila hiyo. Hapo mwanzo maji yaliletwa kwa ngamia, tena kwa kipimo. Siku hizi huvutwa kwa pampu kutoka kisima kirefu kilicho maili 15 nje ya mji, nayo yana chumvi, hayanyweki mpaka yapite katika mitambo ya kuyachuja. Ndiyo maana maji huko ni ghali. Hatukuona bustani za majani. Watu hucheza gofu juu ya mchanga, kila mchezaji akichukua kipande chake cha zulia la kijani ili apate mahali pa kuuweka mpira. Na mti wa kwanza wa mji ule, kwa masimulizi ya wenyewe, uliungwa kwa vyuma chakavu, ukasimamishwa juu ya kilima ili watoto wapate mti wa kupanda.

Jina la mji latokana na maneno ya wenyeji wa asili, kupa piti. Kwa kawaida hufasiriwa “shimo la mzungu”, au “mzungu shimoni”. Wajuzi wa lugha huona asili yake katika lugha za Wakokatha na Wabarngarla, nao wengine husema ya kuwa neno la kwanza lilikuwa la kumtaja kijana ambaye bado hajaingizwa jandoni, mtu asiyejua mambo. Ikiwa ni hivyo, jina hili ni sawa na hukumu. Watu walitazama wageni wakichimba kutwa kucha juani, wakitoa mawe na kuyatupa, wakalala ndani ya mashimo yao wenyewe, nao wakawapa jina la watoto wasiofundwa. Wageni wakalipenda jina lile wakaliandika katika ramani mwaka 1920. Kwetu sisi tufundishao walimu, huu ni mfano mwema wa kuonya ya kuwa majina ya ramani si mapambo. Mara nyingi yana habari ambayo mwandishi wa ramani hakukusudia kuieleza.

Maana nchi hii ilikuwa na wenyewe. Waantakirinja, Wayankunytjatjara na Wakokatha waliishi humo kwa vizazi visivyo na hesabu. Hawakujenga miji, kwa sababu nchi yenye maji machache hivi haimlishi mtu akaaye mahali pamoja. Walisafiri toka maji hata maji, nao walijua kila dimbwi na kila mahali pa kufukua mchanga ili maji yatoke. Ujuzi huo waliutunza katika nyimbo na hadithi, moja kwa kila njia, hata mtu aliyejua wimbo alijua na safari. Mwaka 1858 alipita mpelelezi wa Kiskoti, John McDouall Stuart, naye ndiye Mzungu wa kwanza kufika pande hizo. Milima mifupi ya hapo ikapewa jina lake, naye akaenda zake. Miaka hamsini na zaidi ikapita, wala hapana mgeni aliyeona sababu ya kukaa.

Sababu ilikuja mwaka 1915, na aliyeileta alikuwa mtoto. Kikundi kidogo cha watafuta dhahabu kilikuwa kimepiga kambi kusini kidogo ya mahali ulipo mji sasa. Dhahabu hawakuipata, na maji yalikuwa yakiwaishia. Pamoja nao alikuwako kijana wa miaka 14, William Hutchison, mwana wa mmoja wao. Tarehe 1 Februari wakubwa walikwenda kutafuta maji, naye akaachwa kambini. Hakukaa. Alizunguka chini ya vilima, na jua lilipokwisha kuchwa akarudi na vipande vya mawe vyenye kumetameta rangi zote za upinde wa mvua. Ilikuwa opali. Siku nane baadaye kiwanja cha kwanza kiliwekewa vigingi.

Yafaa tusimame hapa kidogo tueleze opali ni nini, maana wengi wetu tumezoea kusikia habari za almasi, dhahabu na tanzaniti, bali jiwe hili halipatikani sana kwetu. Opali haina asili ya fahari. Imefanywa na kitu kile kile kilicho katika mchanga, pamoja na maji kidogo yaliyofungwa ndani yake. Zamani sana, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, nyika hii ilikuwa chini ya bahari. Bahari ilipoondoka, miamba ikaoza polepole, na maji yaliyobeba chembe za namna ya mchanga yakashuka katika nyufa na matundu, yakakauka kidogo kidogo. Chembe zikakaa moja juu ya nyingine, za mviringo, ndogo mno hata hadubini ya kawaida haizioni. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Australia walizitazama kwa darubini ya elektroni wakaona ya kuwa katika opali njema chembe hizo zimepangwa safu kwa safu kama machungwa sokoni, na mpango huo ndio ugawanyao mwanga kuwa rangi. Zikikaa ovyo, jiwe ni jeupe tu, halina thamani. Tena pengine opali imejaa mahali pa kitu kilichooza: konokono wa bahari, chaza, hata mifupa. Mwaka 1987 mchimbaji mmoja wa hapo alipata mifupa ya mnyama wa baharini wa kale iliyogeuka kuwa opali karibu yote, nayo yamewekwa katika jumba la makumbusho huko Sydney. Hebu fikirini, samaki mtu huvua pwani. Lakini watu hawa huvua bahari iliyokufa, chini ya jangwa, kwa sururu.

Wachimbaji walifanya kazi kwa mikono. Mtu mmoja alishuka kwa kamba na mshumaa, mwenzake akabaki juu akizungusha roda na kupandisha ndoo. Baada ya reli ya kuvuka Australia kumalizika mwaka 1917, wafanya kazi wake wengi walihamia machimbo, na Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha wakaja askari waliorudi kutoka Ulaya. Husemwa kwamba hao ndio walioanza desturi ya kukaa chini ya ardhi, maana walikwisha kuizoea katika mahandaki ya vita. Hili twalipima kwa akili yetu tukiliona kuwa lina huzuni: mtu aliyeteswa miaka minne ndani ya handaki avuka bahari arudi kwao, akaona mahali pema pa kuishi ni handaki jingine.

Baadaye biashara ikaanguka, na machimbo yakakaribia kuachwa. Yaliyoyafufua ni bahati ya mama mmoja wa wenyeji wa asili, Tottie Bryant, aliyepata mwaka 1946 opali kubwa na njema mahali paitwapo Maili Nane. Habari zikaenea, na watu wakamiminika. Vita vya pili vilikuwa vimekwisha. Meli zilileta Waitalia, Wagiriki, Waserbia, Wakroati, watu waliopoteza nyumba na nchi, nao wakafika Coober Pedy kwa sababu huko hapana aliyeuliza cheti wala jina la baba. Mahali hapo hapo Maili Nane, mwaka 1956, lilitoka jiwe la karati 17,000, likaitwa Olympic Australis kwa heshima ya michezo ya Olimpiki iliyokuwa ikichezwa Melbourne. Sheria iliyagawa machimbo katika viwanja vidogo vidogo, hata makampuni makubwa yasipate nafasi. Ndiyo sababu mpaka leo mchimbaji wa Coober Pedy ni mtu na rafiki yake, na mashine waliyoinunua kwa deni.

Kila mgeni husimuliwa habari za kijana William. Za Tottie Bryant zilitubidi tuziulize. Na wenyeji wenzake walifanya kazi gani katika miaka ile ya utajiri? Wengi walichokora vichuguu. Wachimbaji walipokwisha kutupa udongo, watu hawa, wanawake na watoto wao, walikaa juu ya lundo kutwa, wakichambua kwa vidole ili wapate vipande vilivyowapita wenye mashine. Methali yetu husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akapewa makombo ya jiwe lililotoka katika ardhi yake.

Sasa tutoke mjini tuione nyika. Maili 20 kaskazini ardhi hukatika ghafula, na mtu husimama juu ya ukingo akitazama chini vilima vya rangi nyeupe, njano, zambarau na nyekundu, vilivyokaa peke yake kama merikebu zilizotia nanga. Wenyeji huviita Kanku. Karibu napo hupita ua wa waya uliowekwa kuwazuia mbwa-mwitu waitwao dingo wasiingie katika nchi ya kondoo ya kusini. Ua huo una urefu wa zaidi ya maili 3,000. Mashariki liko shamba la ng'ombe la Anna Creek, lenye eneo la maili za mraba 6,000 hivi, maana yake ni kubwa kuliko mkoa mzima wa Kilimanjaro, na watu wake hawajazi darasa moja. Kwa miaka mingi gari la posta limetoka Coober Pedy mara mbili kwa juma kupelekea mashamba hayo na vijiji vya William Creek na Oodnadatta barua, vipuri na mboga, likizunguka njia ya vumbi mchana kutwa.

Kabla ya magari, kazi hiyo ilifanywa na ngamia. Tangu miaka ya 1860 wachungaji wa ngamia waliletwa kutoka Afghanistan, Punjab, Sindh na nchi ya Mabulushi. Waaustralia waliwaita wote “Waafghani” bila kubagua. Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki twawajua jamaa zao, maana Mabulushi ndio waliokuwa askari wa Sultani wa Unguja katika karne ile ile. Walibeba chakula, mabomba, sufu, na mataruma ya reli ile iliyokuja kuwaondoa kazini. Treni iendayo kaskazini huitwa The Ghan mpaka leo, na husemwa kwamba ni kwa ajili yao. Malori yalipokuja, ngamia wengi waliachwa waende zao. Wakazaana, nao sasa ni wanyama wa mwitu wa nchi ile, wakiharibu visima vichache vilivyopo. Wenyewe waliondoka duniani na makaburi yao yaelekea Makka.

Tumesema habari za ua, shamba, posta na ngamia ili isionekane kwamba nyika ile haina watu. Walakini mwaka 1953 iliamuliwa hivyo. Serikali ya Uingereza ilitaka mahali pa kujaribu mabomu ya atomiki, na serikali ya Australia ikampa uwanda uitwao Emu Field, zaidi ya maili 130 magharibi ya Coober Pedy. Tarehe 15 Oktoba 1953 bomu la kwanza lililipuliwa, nguvu yake kama ya tani 10,000 hivi za baruti kali. La pili likafuata tarehe 27. Nchi yote ile, yenye ukubwa wa kupita falme nyingi, ilikuwa na ofisa mmoja tu wa kuzunguka kuwatafuta watu na kuwaonya, na watu hawa hawakuwa na redio, wala Kiingereza, wala sababu ya kuogopa wingu.

Maili mia moja na zaidi kutoka pale, katika shamba la Wallatinna, alikuwako mtoto wa Kiyankunytjatjara jina lake Yami Lester. Miaka mingi baadaye alisimulia ya kwamba walisikia kishindo, kisha ukaja moshi mweusi, polepole, ukipita juu ya miti ya mulga bila sauti. Watu wakaugua, wakatapika, wakapata upele na macho yakawauma. Yeye mwenyewe akapofuka kabisa alipokuwa kijana. Alipolisema jambo hili mbele ya watu wote katika miaka ya 1980, serikali iliunda Tume ya Kifalme, mwenyekiti wake James McClelland, nayo ikasikiliza ushahidi mwaka 1984 na 1985. Tume ilikiri kwamba ukungu mweusi ulikuja kweli. Ikakata shauri ya kuwa bomu la kwanza lililipuliwa wakati pepo zilipokuwa hazifai, na ya kuwa waliolilipua hawakuwaweka katika hesabu zao watu wa Wallatinna na Welbourn Hill. Kama ukungu ule ndio uliowaua na kuwapofusha watu, Tume haikuweza kuthibitisha, wala kukanusha. Miaka thelathini ilikuwa imepita. Hakuna aliyewapima watu wale siku zile, na kitu kisichopimwa hakiandikwi.

Basi wasikilizaji wetu watafahamu kwa nini mwaka 1998, serikali ya Australia ilipotangaza ya kuwa itachimba shimo katika nchi ya Billa Kalina, kusini-mashariki ya Coober Pedy, ili izike humo taka zenye mnunurisho, wanawake wazee wa Coober Pedy hawakuuliza maswali mengi. Mashimo waliyajua. Sumu waliijua pia, maana baadhi yao waliishi katika nchi ile mwaka 1953. Tangu mwaka 1995 walikuwa wamejiunga katika baraza lao, Kupa Piti Kungka Tjuta, yaani wanawake wengi wa Coober Pedy. Walikuwa Waantakirinja, Wayankunytjatjara na Wakokatha. Wengi hawakupata shule, na Kiingereza chao kilikuwa cha jikoni na cha machungani. Serikali ilikuwa na wataalamu, vitabu na picha za rangi za kueleza kwamba taka hizo ni hafifu na shimo ni salama. Wanawake walikuwa na maneno mawili, Irati Wanti. Maana yake, “Sumu hiyo, iacheni.”

Kazi waliyoifanya kwa miaka sita yastahili kusomwa na kila mwalimu. Walisema kwa lugha yao na kwa Kiingereza chao, vijana wakaandika maneno vile vile yalivyotamkwa, bila kuyanyoosha, na barua zikaenda kwa mawaziri. Walipanda mabasi kwenda Adelaide, Melbourne na Sydney, wakakaa majukwaani na shuka zao miguuni. Waliwachukua vijana wa mijini nyikani, wakawalaza chini penye moto, wakawafundisha ngoma ya Dada Saba, ambao ndio nyota tuziitazo sisi Kilimia. Hadithi ya dada hao yapita katika nchi ile ile iliyotakiwa kuwa jalala. Hoja yao haikuwa ya hadithi tu. Walisema ya kuwa chini ya nyika ile kuna maji, na ya kuwa maji hayo ndiyo yanayomnywesha mtu, ng'ombe na kangaruu. Sumu ikizikwa juu yake, itawajia wajukuu wa wajukuu. Mtu aliyechotewa maji kwa kipimo utotoni hahitaji kufundishwa hili na mtu wa mjini.

Mwaka 2003 ulikuwa wa ajabu. Mwezi wa Januari mmoja wao, Bibi Eileen Kampakuta Brown, alipewa nishani ya Australia kwa kazi yake ya kuhifadhi na kufundisha lugha na desturi za watu wake. Mwezi wa Aprili yeye na mwenzake, Bibi Eileen Wani Wingfield, wakapata Tuzo ya Goldman, ambayo hutolewa huko Marekani kwa watu waliolinda nchi na viumbe vyake. Mwezi wa Julai serikali ikaichukua kwa nguvu ya sheria ardhi iliyotakiwa kwa shimo. Yaani katika mwaka mmoja nchi moja ilimsifu bibi mzee kwa kuutunza urithi wa wazee wake, kisha ikachukua mahali urithi huo unapokaa.

Serikali ya jimbo la Australia ya Kusini ilikuwa imekwenda mahakamani, na Juni 2004 majaji wa Mahakama ya Shirikisho waliamua ya kuwa ardhi haikuchukuliwa kwa njia iliyo halali. Tarehe 14 Julai 2004 Waziri Mkuu alitangaza ya kuwa mpango umeachwa. Wanasheria watasema kesi ilishinda, na wanasiasa watasema uchaguzi ulikuwa karibu. Yote mawili ni kweli. Lakini sisi twaona ya kuwa jimbo lisingepata moyo wa kwenda mahakamani kama watu wa mijini wasingekuwa wamekwisha kusimama upande wa wanawake wale, na watu wa mijini walisimama upande wao kwa sababu waliwaona na kuwasikia. Mwaka 2011 Mahakama hiyo iliwatambua Waantakirinja Matu-Yankunytjatjara kuwa na haki za asili katika nchi iuzungukayo Coober Pedy.

Taka zenyewe zilibaki. Serikali ilizipeleka kwa shauri huko Muckaty, kaskazini, ikakataliwa na wenyeji ikaacha mwaka 2014. Kisha ikachagua shamba karibu na Kimba, kusini, katika nchi ya Wabarngarla, wale ambao neno lao, kama tulivyosema, limo katika jina la Coober Pedy. Wabarngarla hawakuhesabiwa katika kura iliyopigwa juu ya jambo hilo, kwa kuwa walio wengi wao hawakai Kimba. Wakashitaki. Tarehe 18 Julai 2023 mahakama ikawapa haki, na mwezi uliofuata serikali ikaacha. Mwaka huo ulipokwisha, taka zile zilikuwa bado zimo ghalani, mahali pengi mbalimbali, hazijapata shimo.